Nilivyochelewa na Jina la Mama

Tangu nirudi kutoka Lusu, kila mwanakwaya anayekutana nami ananiuliza safari ilikuwaje. Nami nimekuwa nikijibu, "Nzuri, namshukuru Mungu," kisha naulizia haraka habari za watoto wake kabla hajaniuliza la pili. Nimechoka kukwepa. Nayaandika yote mara moja, msome, tusiulizane tena. Mambo ya tiketi nayaruka, hayana utamu wala funzo.

Kwa asiyejua chanzo, mwaka jana ulikuwa mwaka wa misukosuko kwangu. Kiwanda nilichokitumikia miaka kumi na tisa kilifungwa, mafuriko yaliingia sebuleni mara mbili, na mwezi wa saba Mama akafariki kijijini Lusu, kule Nzega. Mimi ndiye kifungua mimba wake, na sikwenda kumzika. Nilimpigia simu mdogo wangu, Shija, nikamwambia naumwa, hata kusimama siwezi. Nilikuwa mzima wa afya. Niliona aibu kufika msibani mikono mitupu, mimi niliyezoea kushuka kwenye basi na mizigo hadi majirani wanasaidia kubeba. Hiyo ndiyo sababu yote, na nikiiandika hapa naona jinsi ilivyo ndogo.

Sasa, sisi Wamoraviani wa kule kwetu tuna desturi. Alfajiri ya Pasaka kanisa zima hukusanyika makaburini kabla jua halijachomoza, na mchungaji husoma majina ya wote waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Jina la mtu husomwa mara moja tu, Pasaka ya kwanza baada ya kuzikwa kwake, halafu basi. Na jina halijipeleki. Mtoto mkubwa wa marehemu husafisha kaburi Jumamosi, hulipaka chokaa, kisha hulipeleka jina kwa mzee wa kanisa kabla ya saa sita mchana. Saa sita ikipita, orodha imefungwa. Shija alitaka alipeleke yeye, nikamkataza kwenye simu. "Hilo niachie mimi, mdogo wangu. Nakuja mwenyewe." Katika yote ambayo mtoto humfanyia mamaye, mimi nilikuwa nimebakiwa na hilo moja.

Ndivyo nilivyoondoka Jumanne ya juma la kuelekea Pasaka, nikitegemea kufika Alhamisi. Mlikuja kunisindikiza, mkaniombea, mkaniambia niende nikapate faraja.

Dar es Salaam hadi Dodoma

Hapa sina mengi. Treni ya umeme inakimbia mno, huwezi hata kuhuzunika vizuri. Nilikaa dirishani nikitunga maneno ya kumwambia Shija. Kufika Morogoro nilikuwa nimetunga utangulizi, na utangulizi wenyewe ulikuwa unanisifu. Nikaufuta, nikaanza upya. Dodoma ilinikuta ningali naanza upya.

Mgunda Mkali

Kuanzia Dodoma nilipanda treni ya zamani, ile inayotembea kama mtu mwenye viatu vipya. Kiti cha mbele yangu alikaa mama wa Kiarabu wa Tabora, Bi Zuwena, muuza viungo wa mtaa wa Ng'ambo, umri wa miaka sitini na kitu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla treni haijachanganya alikuwa ameshajua nina watoto wangapi na kwamba wa kwanza anaitwa Neema. Toka hapo nikawa Baba Neema. Pale Saranda alininunulia kuku wa kukaanga kupitia dirishani, akachagua yeye, akamkaripia muuzaji yeye, na akanigawia paja bila kuniuliza kama nataka.

Tuliipita Itigi Jumatano asubuhi. Mbele kidogo, kwenye kituo kidogo chenye jengo moja na tangi la maji, treni ikasimama. Mvua ilikuwa imekula tuta la reli huko mbele. Tukaambiwa saa mbili. Saa mbili zikawa nne, nne zikawa siku nzima, na siku ikazaa ya pili. Nje ni pori tupu, vichaka na vichaka. Wapagazi wa misafara ya zamani, babu zetu waliobeba pembe kwenda pwani, walipaita Mgunda Mkali, yaani shamba kali, kwa sababu waliishiwa maji na chakula humu wakafa. Sisi hatukufa. Wanawake wa jirani na kituo walituletea viazi vya kuchemsha na uji wa uwele, tukala tukilalamika.

Jumatano jioni watu walianza kuogopa, maana uvumi ulisema mto umepasua kingo na unakuja. Mama mmoja wa behewa letu, mwenye mtoto mwenye homa, akaiona Biblia mapajani mwangu.

"Mchungaji," akasema, "tuombee basi."

Ningesema mimi si mchungaji, ni mwimba besi. Maneno machache tu hayo. Lakini watu walikuwa wameshavua kofia. Nikasimama nikaomba, na niwaambie ukweli, niliomba vizuri sana. Niliwataja wapagazi, nikautaja mto, nikamtaja mtoto. Watu wakalia. Yule mama akanyamaza, akamlaza mwanawe, na behewa zima likatulia kuliko lilivyowahi kutulia tangu Dodoma. Hadi tunafika Tabora nilikuwa "mchungaji" kwa kila mtu, na watu walinipisha foleni ya maji.

Bi Zuwena alinitazama muda mrefu, kisha akacheka hadi mtandio ukamdondoka.

"Uchungaji umeanza lini, Baba Neema? Maana jana ulinambia ulikuwa unafunga maboksi kiwandani."

Basi, kwa kuwa alikwishanikamata na uongo mmoja, nikamsimulia ule mkubwa. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia kwamba sikuwa naumwa Mama alipozikwa. Hata mke wangu sijawahi kumtamkia hivyo, ingawa aliona kwa macho. Nikamweleza na habari ya jina, na saa sita ya Jumamosi. Bi Zuwena hakucheka tena.

"Ugonjwa usiuite, mwanangu, unasikia," alisema. "Na huyo mdogo wako amezika peke yake?"

"Amezika peke yake."

"Basi Tabora usilale. Shuka, panda basi, nenda kwenu. Mengine utamwambia Mungu ukiwa umeshafika."

Nikamwambia sawa. Nilimaanisha, wallahi, kama asemavyo mwenyewe.

Tabora

Tuliingia Tabora Ijumaa Kuu, yapata saa tatu asubuhi. Bi Zuwena akanishika mkono hadi nje ya stesheni, akaninyooshea kidole upande wa stendi ya mabasi ya Nzega. "Kule," alisema, kana kwamba mimi ni mgeni wa Unyamwezi. Akapanda bajaji na vifurushi vyake, akaenda.

Kutoka Tabora hadi Nzega ni saa mbili za lami. Ningefika Lusu mchana, ningeoga, ningekaa na Shija jioni nzima, na Jumamosi asubuhi ningeshika jembe. Nilitembea kuelekea stendi. Njiani nikasikia tarumbeta. Ni tarumbeta za kwetu, za kanisa, zile zinazopigwa polepole Ijumaa Kuu hadi unahisi kifua kinafunguka. Nikajiambia, nusu saa tu.

Ibada ilikuwa ndefu, na niliitaka iwe ndefu. Waliposoma habari za mateso nilianza kulia, mimi ambaye sikulia simu ya msiba ilipokuja. Nililia kwa ajili ya kiwanda, kwa ajili ya maji sebuleni, kwa ajili ya Mama, kwa ajili ya uongo wangu. Nilihisi mzigo unashuka. Sisemi ilikuwa ya bandia. Ilikuwa faraja ya kweli, nami nilikuwa sijaipata mwaka mzima.

Mama mmoja wa kwaya, Mama Tabitha, akaja kukaa pembeni yangu ibada ilipokwisha.

"Pole, baba. Umefiwa?"

"Nimefiwa na mama yangu."

"Lini jamani?"

Nikajibu, "Juzijuzi."

Mnaona? Miezi tisa naiita juzijuzi. Wala sikuipanga, ilitoka yenyewe, kama chafya. Lakini neno hilo lilinifungulia mlango. Mama Tabitha na mumewe, seremala mmoja mpole sana, wakanichukua kwao Ng'ambo kama mfiwa mbichi. Wakanipikia ugali na nsansa, mboga ya majani makavu iliyoungwa karanga, wakaniletea asali kwenye kibakuli, wakawaita majirani watatu kuja kunipa pole. Tuliimba. Waliniombea wakiniwekea mikono. Nikalala usingizi mnene, wa mtu asiye na deni na yeyote.

Jumamosi asubuhi wao pia walikuwa wanakwenda kusafisha makaburi ya watu wao, maana desturi ni ileile. Mama Tabitha akasema, "Baba, basi zipo siku nzima. Twende pamoja, itakusaidia moyo." Nikaenda. Niliogopa kufika Lusu, hilo ndilo neno lenyewe. Hapa Tabora kila mtu alinihurumia. Kule kulikuwa na mtu mmoja ambaye angenitazama usoni, na sikuwa na hotuba.

Saa tatu Shija akapiga simu.

"Shikamoo kaka. Uko wapi?"

"Marahaba. Niko njiani."

"Njiani wapi?"

"Nakuja, Shija. Nakuja."

"Mimi nimemaliza kufyeka. Nimekuachia kupaka." Akakata simu.

Hata hapo, basi lingekuwa tayari pale stendi, na pikipiki Nzega ingenisubiri, ningeweza kufika saa sita kasorobo nikitweta. Kwa nini basi sikumwambia Shija alipeleke jina yeye, kwa kuwa alikuwa hapohapo, hatua mia tano kutoka kwa mzee wa kanisa? Nimejiuliza swali hilo kila siku tangu nirudi. Ningemwambia hivyo, ingenibidi nimwambie niko wapi na nafanya nini. Nikarudisha simu mfukoni, nikachovya brashi kwenye ndoo, nikaendelea kupaka chokaa kaburi la mama mkwe wa Mama Tabitha, mtu ambaye sijawahi kumwona. Nililipaka vizuri mno. Watu walilisifu.

Saa sita ilinikuta hapo, na brashi mkononi.

Nimefikiri sana kuhusu ile faraja. Mungu hakuninyima, najua. Lakini niliipata mahali ambapo hapakuwa na hata mmoja niliyemkosea, nikang'ang'ania kubaki nayo hapo. Mtu mwenye njaa akipewa chakula ili apate nguvu za kwenda kulima, yeye akaketi kula hadi jua likazama, chakula hakina kosa.

Tabora hadi Lusu

Basi liliondoka saa tisa, maana lilisubiri lijae. Sina malalamiko, halikuwa na haja ya kuharakisha tena. Mashamba ya mahindi yalikuwa ya kijani hadi upeo wa macho, na wanawake kando ya barabara waliinua makarai ya uyoga kila tuliposimama. Mama alikuwa akituokotea uyoga msimu huo. Nilinunua karai zima, kisha nikaona aibu, kama nimerudi kwenye tabia zangu za mizigo. Pale Nzega nikapanda pikipiki, tukaanguka kwenye tope mara moja, uyoga ukamwagika wote.

Nilifika nyumbani jua likizama. Shija alikuwa ameketi kizingitini akinawa miguu. Mikono yake ilikuwa na chokaa hadi kwenye viwiko.

"Umepaka," nikasema.

"Nilikusubiri hadi saa tisa. Mama hawezi kuamkia Pasaka na kaburi jekundu."

"Na jina?"

Alinitazama kama vile hakunielewa. "Orodha ilifungwa saa sita, kaka. Unajua."

"Si ungelipeleka tu, Shija!" Nilifoka, ndiyo, nilimfokea yeye.

"Ulisema tukuachie," akajibu. "Tukakuachia. Mimi nilikaa kwa mzee wa kanisa hadi dakika ya mwisho, anaangalia saa, mimi naangalia barabara. Akaniuliza, niliandike? Nikamwambia hapana, mwenyewe amesema anakuja. Mkubwa akishasema, mdogo atampokaje?"

Mkewe akatuletea maji ya kunawa na michembe, viazi vitamu vikavu, iliyopikwa kwa karanga. Tulikula. Nilimwomba Shija asubuhi twende kwa mchungaji kumsihi. Akasema twende, lakini nisitegemee. Kama angelifungulia jina moja, kila mwaka wangekuja watu kumi waliochelewa.

Makaburini

Tulimkuta mchungaji gizani bado, amevaa koti juu ya kanzu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema ananihurumia, ila orodha ni ya baraza la wazee na imeshatiwa sahihi. "Mama yako anajulikana huko alipo," alisema, "hapotei kwa sababu ya karatasi yetu." Nilijua ni kweli. Haikunisaidia.

Watu walikuwa wanaingia makaburini vikundi vikundi, wakinong'onezana mwangaluka, salamu ya asubuhi ya kwetu. Vibibi wa ushirika wa Mama wakaniona. Wa kwanza akanishika mikono yote miwili.

"Umepona, baba?"

Sikuelewa. Wa pili akaja. "Eee, Mungu ni mwema. Umepona!" Wa tatu akanipapasa mabega kama anayeangalia mbuzi, akasema nimenenepa, wabeja Mulungu, asante Mungu. Ndipo nikaelewa. Shija aliwatangazia msibani kwamba mkubwa hakufika kwa sababu mgonjwa sana. Toka siku hiyo, kila Jumatano, wanawake wale wamekutana kuniombea. Miezi tisa. Mmoja alinieleza kwamba alifunga kula kwa ajili yangu wakati wa kuvuna pamba.

"Nimepona, mama," nikasema. Nikawajibu hivyo mmoja mmoja.

Mashariki kukapambazuka. Tarumbeta zikapigwa, na mchungaji akafungua karatasi. Yalikuwa majina saba. Nililisikiliza kila moja kana kwamba lingeweza kugeuka likiwa njiani kutoka kinywani mwake. Kila jina liliposomwa, familia yake ilijibu kwa pamoja, "Yuko," kama tufanyavyo, na watu wakaitikia amina. Baada ya la saba mchungaji alikunja karatasi. Nikaona wale vibibi wanageuka, wanatazamana, kisha wanamtazama Shija. Hawakunitazama mimi. Walidhani kosa ni lake.

Shija aliinamisha kichwa, akalibeba.

Tukaingia kanisani kwa ibada kuu. Wakati wa shukrani, mzee wa kanisa akasimama. Alisema kanisa lina furaha ya pekee leo, kwamba ndugu yetu tuliyemwombea tangu mwezi wa saba, aliyekuwa hawezi hata kusimama, Bwana amemwinua, naye yupo hapa. Akalisoma jina langu kutoka kwenye karatasi, lote, na la ubatizo na la ukoo. Akaniomba nisimame.

Nilisimama. Vigelegele vilijaa kanisani. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na kinywa, na watu mia tatu wamenyamaza kunisikiliza. Nikasema, "Asanteni sana kwa maombi yenu." Nikaketi.

Mchana huo, tukiwa wawili tu nyuma ya nyumba, nilimwambia Shija ukweli. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Mtu asiyeweza kusimama, nikamsikia kwenye simu anamfukuza mbuzi wa jirani kwa mbio."

"Kwa nini basi ukawaambia naumwa?"

"Nisingedanganya kwenye msiba wa Mama, kaka. Mtu anayeshindwa kuja kumzika mama yake, huyo ni mzima? Nikawaambia unaumwa sana, waombe. Wakaomba." Akapepeta maharage mara mbili, tatu. "Kama umepona au hujapona, hilo sijui. Wewe ndiye uliyewajibu."

Niliondoka Jumanne. Shija alinisindikiza hadi barabarani, akanipakia mizigo kwenye pikipiki, akaniambia nisalimie watoto.

Maandishi haya nimeyanakili mara mbili. Nakala moja ni yenu. Ya pili nimeituma Lusu kwa mzee wa kanisa, nikamwomba awasomee wale kina mama Jumatano, wajue mgonjwa wao alikuwa nani, na kwamba Shija hakumsahau mtu. Sijapata jibu.

Makaburini Lusu jina la Mama halitasomwa tena, mwaka wake umepita. Kwa hiyo nawaomba ninyi, popote mlipo na karatasi hii, mlitamke kwa sauti. Mama yangu aliitwa Raheli Mbula.